Alhamisi za Karatasi Nyeupe

Mama Albertine hataki rangi, na mtu asiyejua sababu anaweza kumdhania mkaidi tu. Kila Alhamisi mchana, tangu mvua za Septemba mpaka zinapokatika, wazee saba au wanane wa mtaa wetu wa Kasuku, hapa Kindu, hukusanyika barazani kwake kukata karatasi. Shambani hakuendeki, barabara ni tope tupu, na mtu wa miaka sabini akishinda peke yake ndani akisikiliza mvua juu ya bati, mwishowe anaanza kuzungumza na sufuria. Hayo ni maneno yake, si yangu. Basi wanakuja, wanakaa kwenye viti vya miti, na wanatengeneza minyororo ya Noeli, nyota, vipepeo vya kuning'iniza mlangoni, na maua ya kupeleka makaburini tarehe mbili Novemba, siku ya Marehemu Wote. Vyote vyeupe.

Mimi naitwa Christelle. Nilikuwa mwanafunzi wake materneli, shule ya watoto wadogo iliyo karibu na stesheni ya treni, na leo nafundisha katika chumba kile kile, mbele ya ubao ule ule uliopasuka pembeni. Alhamisi nikitoka kazini napita kwake na mfuko wa karatasi. Nakiri mapema kwamba sina subira, na kwamba yote yaliyotokea mwaka huu yalitoka katika mfuko wangu.

Maua yenyewe si kazi ngumu. Unakunja karatasi mara nne, unakata ukingo wake mviringo, unaifungua, na una majani manne ya ua. Unayazungusha juu ya penseli mpaka yapinde, unaweka tabaka tatu moja juu ya nyingine, unafunga katikati kwa uzi. Halafu inakuja kazi ambayo Mama Albertine hamwachii mtu: anayeyusha vipande vya mishumaa katika kopo la maziwa juu ya makaa, anachovya ua, anahesabu mpaka tatu, analitoa na kuliacha ligande. Ua lililochovywa hivyo linakaa kaburini mwezi mzima wa mvua bila kulegea. Ndiyo maana wakristo wa mtaa wote wanamletea mabaki ya mishumaa yao.

Kila mtu barazani ana tabia yake. Mzee Aboubakar, aliyefanya kazi ya treni mpaka treni zenyewe zikamkimbia, hakati kitu. Yeye anakunja mashua kwa kalenda za zamani, na maji yakianza kukimbia mtaroni anaziteremsha moja moja na kuzishangilia kimya kimya. Ikipita lango la jirani anatangaza kwamba imefika Ubundu, mji wa mbali chini ya mto. Mama Bernadette, jirani wa ng'ambo ya barabara, anakuja na mkasi wake mkubwa wa ushonaji, hamwazimi mtu, na anakata mistari iliyonyooka kuliko sisi sote. Anaongea kidogo. Nilimpenda kwa mkasi ule.

"Mama Albertine," Mzee Aboubakar alisema mwanzoni mwa Oktoba, "hizi maua zako zinafanya makaburi ifanane na hospitali. Kila maiti iko na bandaji."

"Weye kunja mashua yako, papa."

Wote walicheka, nami nikaona mzee ana haki. Kesho yake nikapita sokoni, nikanunua bunda moja la krepo nyekundu, ile karatasi laini yenye mikunjo midogo, na Alhamisi iliyofuata nikaitoa mfukoni mbele ya watu kwa majivuno, nikingoja kusifiwa.

Mama Albertine aliiangalia. Mkono wake uliokuwa umeshika ua juu ya nta ukabaki pale pale, ua likazama lote.

"Ondosha ile kitu hapa."

"Mwalimu, hii njo krepo tu. Ya maua ya marehemu."

"Nimesema ondosha."

Hakuwa amewahi kunisemesha hivyo, hata nilipokuwa na miaka sita nikimwaga uji. Niliirudisha mfukoni. Mama Bernadette hakuinua kichwa, aliendelea kukata, lakini mkasi ulikwenda upande kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Wengine walipoondoka nilibaki kukusanya vipande sakafuni, nimenuna, na Mama Albertine akaniambia nikae.

Kabla ya kusema aliyoniambia, lazima niseme ninayoyakumbuka mwenyewe, kwa sababu nilikuwapo.

Mwaka 2002 mji wetu ulikuwa umezungukwa. Waasi walikuwa ndani, wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa msituni, na aliyetoka kwenda shamba lake hakujua atarudi na nini. Treni ilikuwa haiji. Watu wazima wanaikumbuka miaka ile kwa njaa na hofu, na wana haki. Mimi, naona haya kusema, naikumbuka kwa utamu, kwa sababu ya darasa lile. Mwalimu Albertine hakuwa akipata mshahara, lakini kila asubuhi alisimama mlangoni na blauzi yake nyeupe iliyopigwa pasi ya makaa, akitupokea mmoja mmoja kwa jina. Bunduki zikianza kulia upande wa msitu, alifunga madirisha, akampa kila mtoto karatasi moja, akasema tuichane polepole, polepole kabisa, na mshindi ni yule ambaye karatasi yake itapiga kelele kidogo kuliko zote. Tulichana tukiwa tumeinamisha vichwa, masikio yote kwenye vidole vyetu. Sijui vita vilipita mara ngapi juu ya vichwa vyetu bila sisi kuvisikia.

Kushoto kwangu alikaa Divine. Alikuwa na meno mawili yaliyong'oka mbele na aliweza kuchana karatasi bila sauti hata kidogo, nami nilimwonea wivu. Kabatini mwa mwalimu kulikuwa na bunda moja la krepo nyekundu, la mwisho, lililokuja na treni kabla ya vita. Tulilijua sote. Mwalimu alikuwa akisema analiweka kwa siku ambayo treni itarudi, ili tuipambe. Divine alikuwa akiomba kulishika tu, na mwalimu alimruhusu, kila Ijumaa, kwa kuhesabu mpaka kumi.

Novemba ile surua iliingia mjini na dawa hazikuwapo. Divine hakuja Jumatatu. Alhamisi tuliambiwa hatakuja tena. Hapo kumbukumbu yangu inakwisha, kwa sababu watoto hatukupelekwa makaburini. Yaliyobaki aliniambia Mama Albertine Alhamisi ile, akiangalia kopo la nta badala ya kuniangalia mimi.

Alilitoa bunda jekundu kabatini na akalikata lote. Alitengeneza shada la mawaridi mekundu, zuri kuliko chochote alichowahi kutengeneza, na akampelekea Germaine, mama yake Divine, nyumbani kwenye kilio. Alijua kwamba maua ya karatasi yanapaswa kuchovywa katika nta wakati wa mvua. Alikuwa amefundishwa na mtawa mmoja zamani. Lakini mishumaa ilikuwa imekwisha mjini, na mmoja aliouona nyumbani mle ulikuwa unawaka karibu na kichwa cha mtoto.

"Sikuweza kuuomba ule," aliniambia. "Unamuomba namna gani mama mushumaa wa mutoto wake?"

Germaine alikataa mtu mwingine alibebe shada. Alilikumbatia mwenyewe kutoka nyumbani mpaka makaburini mlimani, nyuma ya jeneza la mbao za mlango lililofunikwa shuka nyeupe. Mvua iliwakuta njiani. Walipofika kaburini na Germaine akaliweka shada juu ya shuka, wekundu ulikuwa umemshuka mikono yote miwili mpaka viwikoni, umemlowesha kifuani, na sasa ukaanza kutiririka juu ya shuka ya mtoto. Watu walirudi nyuma. Kisha dada wa baba yake Divine akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Angalieni mikono ya mama yake."

Dada yule alikuwa Bernadette.

Ilitosha. Jioni ile ukoo wa mume ulikuwa umekwisha kukata shauri: mama amemla mtoto wake kwa uchawi, na damu imemtaja mbele ya watu. Siku ya tatu walimtoa Germaine nyumbani na fungu lake moja la nguo. Mume wake hakufungua mdomo. Akatembea kwa miguu mpaka Kailo, kwa kaka yake, katika barabara ambayo wanaume wenye silaha waliiogopa.

"Nilikuwa nimesimama hatua tatu toka kaburini," Mama Albertine alisema. "Krepo nilikuwa naifundisha miaka kumi na tano. Nilijua njo rangi. Na nilinyamaza."

"Sababu gani, Mwalimu?"

"Woga. Baba mukubwa wa Divine alikuwa anatembea na wale wenye bunduki. Ningesema njo maua yangu, wangesema nilitia dawa ndani. Nilikuwa na batoto watatu nyumbani. Nikasema nitasema kesho. Halafu kesho ingine. Halafu Germaine akakuwa ameenda."

Kisha akaniambia kilichokuwa kikimnyima usingizi tangu Septemba. Germaine amerudi Kindu. Anakaa kwa mpwa wake katika mtaa wa Mikelenge, goti limemharibikia, na ombi lake ni moja: tarehe mbili Novemba apande mlimani akaweke ua kwenye kaburi la binti yake, ambalo hajaliona tena tangu siku ile. Kwetu kaburi la mtoto linatunzwa na ukoo wa baba, na mtu aliyefukuzwa haendi bila ruhusa yao. Mume amekwisha kufa. Mwenye kaburi sasa ni Bernadette. Ametumiwa watu mara mbili, na mara zote mbili amejibu kwamba mikono ile haitagusa kaburi lile.

Nilikasirika. Nilimwambia mwalimu wangu maneno ambayo mtu hamwambii mwalimu wake. Nilimwuliza imekuwaje amweke Bernadette kwenye kiti chake kila Alhamisi, amkaribishe chai, amsifu mkasi, na jambo lile limekaa katikati yao siku zote. Alisema hakuwa na nguvu ya kumkataza jirani, na kwamba kila Alhamisi alikuwa anajiambia leo nitasema. Nikamwambia hivyo ndivyo alivyojiambia zamani. Nikachukua mfuko wangu nikaenda. Njiani nililia, nusu kwa ajili ya Divine na nusu kwa aibu ya mdomo wangu.

Alhamisi mbili sikuenda. Ya tatu, tarehe thelathini, alinitumia ujumbe kwa simu asubuhi: niende Mikelenge na motari, dereva wa pikipiki, nimlete Germaine, na krepo yangu niibebe.

Nilimkuta Mama Germaine ameketi kwenye mlango wa jikoni akichambua sombe, majani ya muhogo. Mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, uso uliotulia. Nilimwambia kwamba mwalimu wa Divine anamwita. Aliendelea kuchambua majani matatu au manne.

"Albertine?"

"Ndiyo, mama."

"Ngoja nivae viatu," akasema.

Tulifika mbingu imekwisha kuwa nyeusi. Wote walikuwa wameketi. Mama Bernadette alipomwona nani anashuka kwenye pikipiki alifunga mkasi wake, akaufunga katika kitambaa, akasimama. Na pale pale mvua ikaanguka, ile ya kwetu isiyotanguliwa na matone. Kila mtu wa Kindu anajua kwamba mvua ya namna ile ikianza hakuna anayetoka. Kazi inangoja, harusi inangoja, hata polisi wanangoja. Mama Bernadette aliangalia nyumba yake ng'ambo ya barabara, haikuonekana. Akakaa tena. Mama Germaine alipewa kiti karibu na Mzee Aboubakar.

Mama Albertine aliniomba krepo. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe, yenye kola ya mviringo, na nikaitambua: ndiyo aliyokuwa akivaa darasani. Alikata, akazungusha majani juu ya penseli, akafunga uzi. Waridi lilitoka limepinda. Wote tulimngojea alichovye. Hakulichovya. Alisimama, akaenda mpaka ukingo wa baraza, akalikumbatia ua kifuani kwa mikono miwili, akatoka nje.

Alisimama mvuani mbele yetu. Haikuchukua muda. Wekundu ukamtoka kati ya vidole, ukashuka kwenye mikono, ukamlowesha kifuani, na blauzi yote ikawa kama ya mtu aliyechinja mbuzi. Mtu mmoja aliita jina la Yesu kwa sauti ndogo.

"Bernadette," alisema, na ilibidi apaze sauti juu ya mvua, "angalia mikono yangu. Njo hii ile damu uliyoona. Ilikuwa karatasi. Miye njo nilitengeneza ile maua, miye njo nilijua, na miye njo nilinyamaza. Germaine hakukula mutoto. Kama unatafuta muntu wa kukataza kaburi, nikataze miye."

Nilikwenda nikamshika kiwiko nikamrudisha barazani, na maji mekundu yakatiririka sakafuni mpaka chini ya kiti cha Mama Germaine. Mama Germaine aliyaangalia yakifika kwenye viatu vyake.

"Nilijua," akasema.

Mama Albertine alisimama pale pale.

"Ile blauzi yangu ya maziko niliifua kule Kailo kwa maji ya baridi," Mama Germaine akaendelea, polepole, bila hasira. "Damu haitoke vile. Na maji ilikuwa inanukia kabati ya masomo yako. Nilijua siku ile ile, Albertine. Ningewaambia, nani angeniamini? Muntu wa kusema alikuwa weye. Nilikuwa nangoja useme. Nikasikia vita imekwisha, nikasema sasa atasema. Nikasikia bwana wangu amekufa, nikasema sasa. Kila motari alipita, nilikuwa nasema labda ameleta barua."

Mama Albertine aliketi chini, kwenye sakafu yenye maji, mwanamke wa miaka sabini, na akalia kwa sauti bila kujifunika uso. Sikuwahi kumwona mwalimu wangu akilia. Nilitaka mtu aseme neno la kumpoza, na hakuna aliyelisema, na nafikiri ilikuwa sawa.

Mvua ilidumu. Mzee Aboubakar alikunja mashua moja akaiweka mtaroni bila kuifuata kwa macho. Mama Bernadette alikuwa amepakata mkasi wake uliofungwa, anauangalia. Nilimngojea aombe radhi. Bado namngojea. Alichosema, mvua ilipoanza kupungua, ni hiki:

"Kaburi iko na majani mingi. Nitatuma muntu kesho afyeke." Na baadaye kidogo, bila kugeuza kichwa: "Ule mulima unateleza, Germaine. Goti yako itaweza?"

"Itaweza," alisema Mama Germaine.

Tulipanda Jumapili, baada ya misa. Mvua ilikuwa nyepesi. Mama Bernadette alitangulia, akasimama kando ya kaburi lililofyekwa vizuri, akatupisha. Mama Albertine alikuwa ametengeneza waridi jekundu na mara hii alilichovya katika nta mara mbili. Alimpa Mama Germaine alibebe, na Mama Germaine akakataa, akamwambia alibebe mwenyewe mpaka mwisho. Akalibeba. Matone yaliteleza juu ya nta yakaanguka safi. Alipoinama kuliweka juu ya udongo niliona vidole vyake: wekundu wa Alhamisi ulikuwa bado umebaki kwenye kucha na katika mikunjo ya ngozi, maana krepo haitoki upesi, nami nadhani hakuwa amejitahidi kuuosha.

Mama Germaine naye aliuona. Alimshika mikono yote miwili, akavuta ncha ya kitenge chake kilicholoa mvua, akaanza kumfuta kidole kimoja kimoja, kama tunavyowafuta watoto materneli kabla ya kuwarudisha kwa mama zao. Haukutoka. Akaendelea kufuta.